Mbu Hajui Mpaka: Namna Majirani Wanavyoweza Kuchangia Vita Dhidi ya Mbu

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Mkaguzi afunguapo vitabu vya chama hutafuta fedha, lakini mara nyingi hukuta humo pia habari za maisha ya watu. Katika vitabu vya vyama vya msingi vya upande wetu huu wa Kibaha na Kisarawe nimeona jambo moja likijirudia. Mvua za masika zikishapita, mwezi wa Juni na Julai, daftari la mikopo ya dharura hujaa kuliko miezi mingine. Sababu huandikwa kwa maneno machache: "homa", "mtoto kulazwa", "nauli ya Tumbi". Na huo ndio wakati mkorosho unapochipua na kuanza kutoa maua, wakati ambao mkulima anatakiwa awe shambani na salfa yake ili kuzuia ubwiriunga. Mkulima aliyelala kitandani, au anayemuuguza mwanawe wodini, hapulizi salfa. Msimu wa kupima korosho unapofika gunia lake huwa jepesi, na chama hukosa ushuru wake. Kwa hiyo mbu, ingawa hana kadi ya uanachama, huingia katika hesabu zetu kila mwaka.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali moja nililolisikia katika Mkutano Mkuu wa chama fulani. Sitakitaja jina. Chama hicho kiko upande mmoja wa bonde, na ng'ambo ya bonde kiko chama kingine. Wanachama wa chama cha kwanza waliamua kwa kura kutenga fedha kidogo katika ziada yao. Walifukia mashimo, wakazibua mitaro, wakanunua dawa ya kuua viluwiluwi, wakaitia katika madimbwi yote ya upande wao. Stakabadhi zote zilikuwapo, na kila senti ilikuwa na maelezo. Mwaka uliofuata mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema: "Ndugu Mwenyekiti, fedha yetu imekwisha na mbu wako palepale. Tumemlipia nani?"

Hakupata jibu. Mkutano ulifuta kifungu hicho katika makisio, na kazi ikafa. Mimi niliandika katika taarifa yangu kwamba matumizi yalikuwa halali, kwa kuwa yaliidhinishwa na mkutano. Neno hilo lilikuwa kweli, lakini halikumjibu mzee yule. Yafuatayo ndiyo majibu niliyopaswa kumpa siku ile.

MBU NA MPAKA

Mbu jike hutaga mayai majini. Katika joto la pwani yetu yai huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi huwa buu, na buu huruka akiwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Muda wote huo kabla ya kuruka, kiumbe huyo amefungwa ndani ya maji yake. Hawezi kukimbia wala kujificha ndani ya nyumba. Akishaota mabawa huruka kutafuta damu, na anaweza kwenda mbali kiasi cha kilometa moja, hata mbili au zaidi. Mipaka yetu mingi ya mitaa, vitongoji na vijiji ni myembamba kuliko mwendo huo.

Tena mbu si wa aina moja. Anofelesi, aenezaye malaria, hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, majaruba ya mpunga. Kuleksi hupenda maji machafu ya vyoo na mitaro, naye ndiye aletaye matende na mabusha katika pwani yetu. Aedesi huzaa katika matairi, makopo na mapipa, huuma mchana, na hueneza homa ya dengue, ambayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi mwaka 2014 na tena mwaka 2019.

Mkulima wa korosho hahitaji mwalimu wa kumfundisha jambo hili. Anajua kwamba akipuliza salfa katika shamba lake, na jirani yake asipulize, vumbi la ubwiriunga litapeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani na kurudi katika maua yake. Atakuwa ameteketeza fedha na jasho. Ni vivyo hivyo kwa mbu. Wanachama wa chama kile cha upande mmoja wa bonde hawakuibiwa na mtu yeyote, wala dawa yao haikuwa mbovu. Walisafisha nusu ya bonde, na nusu ya pili ikaendelea kuwaletea mbu.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: kazi ya kuangamiza mbu ina kiasi chake cha chini, na chini ya kiasi hicho fedha hupotea. Kiasi hicho hakipimwi kwa mpaka wa chama, bali kwa upana wa bonde. Kama bonde ni la wawili, gharama hazina budi kuwa za wawili.

WENGINE WALIFANYAJE?

Jambo hili si jipya duniani wala hapa kwetu. Yafaa tuangalie wenzetu walivyolitengeneza, na hasa walivyopata fedha.

Huko Marekani, katika jimbo la Minnesota, kaunti zilizo jirani na miji ya Minneapolis na Saint Paul ziliunda mwaka 1958 chombo kimoja cha kudhibiti mbu. Leo kinahudumia kaunti saba. Madiwani kutoka kaunti hizo huketi katika baraza moja la wajumbe 18. Fedha hutokana na kodi ya majengo na ardhi, ambayo kila kaunti huikusanya kwa kadiri ya mali iliyomo ndani yake. Kaunti yenye mji mkubwa hutoa zaidi, hata kama vinamasi vingi viko katika kaunti za mashamba. Wakazi wa mjini walikwisha kuelewa kwamba mbu anayewauma jioni huenda alizaliwa katika shamba la mtu mwingine.

Mfano wa pili unatufaa sisi wanaushirika kuliko ule wa kwanza. Nchini Ujerumani, kandokando ya mto Rhine, mafuriko huacha madimbwi mengi, na watu wa huko waliteswa na mbu mno. Mwaka 1976 miji na vijiji viliunda chama cha hiari, na baadaye wanachama wake walifika karibu 100 kutoka majimbo matatu. Hakuna aliyelazimishwa na serikali kuu. Kila mji au kijiji hujiunga kwa uamuzi wake, hulipa mchango wake, na hupata sauti katika uendeshaji wa chama. Hapo tunaona misingi ileile tunayoifahamu: hiari, mchango, kura na hesabu.

Mfano wa tatu ni wa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Upare, upande wa Tanganyika, na za Taveta, upande wa Kenya, zilipulizwa dawa iitwayo dieldrin chini ya mpango mmoja. Mpango huo uliongozwa na taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani, mkoani Tanga. Hawakuishia kwenye mpaka wa nchi, kwa kuwa waliona kwamba Upare na Taveta ni uwanda mmoja. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Upulizaji uliposimama mwaka 1959, mbu walirudi polepole, na malaria ikawafuata.

Ndugu zetu wa Zanzibar walipata funzo kama hilo. Kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani walianza kampeni mwishoni mwa miaka ya 1950, na malaria ikapungua hata watu wakadhani imekwisha. Kampeni ilisitishwa mwaka 1968. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na juhudi zikabidi kuanzwa upya. Mifano hii miwili inatuonya kwamba uwekaji wa fedha za mbu haufanani na ujenzi wa ghala, ambalo likijengwa mara moja limejengwa. Unafanana na mshahara wa mlinzi. Siku utakapoacha kumlipa, ghala halina mlinzi.

Mfano wa mwisho uko karibu nasi. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15 za manispaa zake tatu za wakati huo, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke. Wakazi wa mitaa yenyewe walichaguliwa na kufundishwa kukagua maji yaliyotuama, kiwanja kwa kiwanja, kwa kufuata mgawanyo wa nyumba kumi kumi tuliourithi. Kila mmoja alikuwa na eneo lake, na alilizunguka kila wiki. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kutumiwa katika kata tatu, kisha ikaenea katika kata nyingine. Maambukizi yalipungua. Msaada wa nje ulikuwa mkubwa katika kazi hiyo, lakini nguvu yake ilikuwa ni yule mkazi wa mtaani aliyejua dimbwi lilipo na mwenye kiwanja ni nani.

DAWA IKO KIBAHA

Wengi wetu hupita kila siku mbele ya eneo la viwanda la TAMCO, hapa Kibaha. Katika eneo hilo kilijengwa, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kwa utaalamu wa nchi ya Cuba, kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu. Kilifunguliwa mwaka 2015. Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alipokitembelea, dawa nyingi ilikuwa imelala kiwandani kwa kukosa wanunuzi. Aliagiza ichukuliwe na igawiwe kwa halmashauri za nchi.

Dawa yenyewe haikutokana na sumu za kawaida za madukani. Hutengenezwa kwa bakteria. Mmojawapo aligunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negevi, nchini Israeli. Kiluwiluwi akimla, tumbo lake huharibika naye hufa. Ikitumiwa kwa kipimo kilichoelekezwa haidhuru watu, mifugo wala samaki, na kwa hiyo inafaa hata katika maji ya mashamba. Ila nguvu yake haidumu. Katika mpango wa Dar es Salaam ilirudiwa kila wiki mahali pengi. Iko aina nyingine ya bakteria inayokaa muda mrefu zaidi, hasa katika maji machafu.

Yafaa tujiulize: kwa nini dawa ilale kiwandani Kibaha, na viluwiluwi waogelee katika madimbwi ya Kibaha na Kisarawe? Kwa maoni yangu, dawa ni sehemu moja tu ya gharama. Mtu wa kuitia majini kila wiki, bomba la kunyunyizia, viatu vya mpira, daftari la kumbukumbu, na msimamizi, hayo yote yanataka fedha, nayo hayaletwi na lori la kiwanda. Halmashauri moja ikipokea madumu ya dawa bila fungu la kuwalipa watiaji, madumu yatakaa stoo hadi muda wake upite.

Zaidi ya hayo, maji yetu hayafuati ramani ya halmashauri. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe na kumalizikia baharini Dar es Salaam. Mto Mpiji ni mpaka, kwa sehemu yake, kati ya Mkoa wa Pwani na Dar es Salaam, na kingo zake zote mbili zina watu. Mtu wa Tangini anayelala ndani ya Kibaha huenda analima upande wa pili na ana ndugu Kisarawe. Halmashauri zenyewe zina wajibu wao, na wajibu huo usiondolewe mabegani mwao. Lakini vyama vya msingi vinavyopakana vinaweza kuanza mahali ambapo halmashauri hazijafika, na vikishakuwa na kazi ya kuonyesha, vitakuwa na sauti ya kuziomba halmashauri jirani nazo ziketi pamoja.

NANI ALIPE KIASI GANI?

Hapa ndipo mashauri mengi yanapovunjika. Ili jambo lieleweke, tuchukue mfano wa kubuni. Vyama vitatu, A, B na C, vinapakana katika bonde moja. Gharama za mwaka mzima ni shilingi 2,400,000. Chama A kina kaya 200, chama B kina kaya 300, na chama C kina kaya 100. Jumla ni kaya 600. Mazalio ya mbu yaliyohesabiwa ni 30 katika eneo la A, 30 katika eneo la B, na 60 katika eneo la C, ambalo liko chini bondeni. Jumla ni mazalio 120.

Njia ya kwanza ni kugawa sawasawa. Kila chama kitatoa shilingi 800,000. Ni rahisi kuhesabu, lakini si haki, kwa kuwa kaya ya B italipa kiasi cha shilingi 2,667 na kaya ya C italipa shilingi 8,000.

Njia ya pili ni kugawa kwa idadi ya mazalio. Kila zalio litagharimu shilingi 20,000. A watatoa 600,000, B watatoa 600,000, na C watatoa 1,200,000. Watu wengi huipenda njia hii, kwa sababu wanasema mwenye mbu na alipe. Lakini kaya ya C itatakiwa kulipa shilingi 12,000, wakati kaya ya B inalipa 2,000. C watajitoa. Nao wakijitoa, nusu ya mazalio ya bonde zima itabaki bila dawa, na A na B watarudi kwenye swali la mzee wetu.

Njia ya tatu ni kugawa kwa idadi ya kaya. Kila kaya ya bonde italipa shilingi 4,000, awe mtu wa A, B au C. A watatoa 800,000, B watatoa 1,200,000, na C watatoa 400,000. Hata hivyo nusu ya dawa itatumika katika eneo la C. Mwanachama wa B atanung'unika kwamba fedha zake zinatumika ng'ambo. Ni kweli, zinatumika ng'ambo, na huko ndiko wanakozaliwa mbu wanaomuuma yeye. Isitoshe, maji yaliyotuama kwa C yameteremka kutoka kwa A na B. Bonde si kosa la C.

Mimi naipendelea njia hii ya tatu, pamoja na sharti moja. Zalio lililoumbwa na Mungu, kama kinamasi au ukingo wa mto, liwe la wote. Zalio lililochimbwa na mtu, kama shimo la matofali au la mchanga, liwe juu ya aliyelichimba: alifukie, na asipolifukia alipe gharama za dawa yake peke yake. Bila sharti hilo tutakuwa tunawachangia wachimbaji ili waendelee kuchimba.

Mchango si lazima uwe fedha tupu. Mwanachama asiye na shilingi 4,000 anaweza kutoa siku za kazi: kuzibua mtaro, kufukia shimo, kukata majani ukingoni. Lakini siku hizo ziandikwe katika daftari kwa jina na tarehe, na thamani ya siku moja ikubaliwe mapema na mkutano. Kazi isiyoandikwa huleta ugomvi kama deni lisiloandikwa.

MAMBO YA KATIBU

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya ushirikiano wa vyama kadhaa ni rahisi zaidi kupotea, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake anaiangalia. Kwa hiyo nawashauri makatibu wafuate hatua hizi.

Kwanza, angalieni masharti ya chama chenu kama yanaruhusu matumizi ya aina hii. Misingi ya ushirika iliyopitishwa kimataifa mwaka 1995 inataja ushirikiano baina ya vyama na kuijali jamii, lakini msingi peke yake hautoshi kuwa hati ya malipo. Pasipo kifungu, ombeni ushauri wa Ofisa Ushirika na idhini ya Mrajis kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Pili, Mkutano Mkuu wa kila chama upige kura kwa wakati wake, na muhtasari utaje kiasi, muda na madhumuni. Kamati isiwaamulie wanachama. Fedha ya dawa iliyokatwa katika malipo ya korosho bila idhini ya mkutano ni kosa, hata kama mbu wote wamekufa.

Tatu, vyama viandikiane mapatano mafupi: nani mwanachama, mchango ni kiasi gani, utalipwa lini, na itakuwaje kwa atakayechelewa. Wakati mzuri wa kulipa ni mara baada ya malipo ya korosho, wakati mkulima ana fedha, ili dawa na vifaa viwe tayari kabla ya mvua za masika.

Nne, fedha iwekwe benki katika akaunti yake yenyewe, isichanganywe na fedha ya mazao. Watia saini watoke katika vyama mbalimbali, ili hundi isiweze kutolewa na chama kimoja peke yake. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe katika ofisi ya kila chama kila baada ya miezi mitatu.

Tano, dawa itiwe kwa uangalizi wa Bwana Afya wa halmashauri. Yeye ndiye anayejua kipimo, na ndiye atakayesema ni mazalio yapi yatibiwe. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kazi hii inafaa hasa mahali ambapo mazalio ni machache, ya kudumu, na yanaweza kuonekana. Katika masika makubwa, wakati kila unyayo wa ng'ombe umejaa maji, msidanganyane kwamba mtayafikia yote. Ongezeni juhudi wakati wa kiangazi, mazalio yanapobaki machache.

Sita, pimeni. Kila wiki mtiaji dawa achukue upawa mmoja wenye mpini mrefu, achote maji mara kumi katika kila zalio, ahesabu viluwiluwi, na aandike idadi kabla na baada ya kutia dawa. Kazi hii haina gharama kubwa. Bila daftari hilo hakuna awezaye kusimama mkutanoni na kusema kama fedha imefanya kazi au haikufanya. Mzee wetu alipouliza, katibu alikuwa na stakabadhi za fedha zilizotoka, lakini hakuwa na hesabu hata moja ya mbu.

NI KINGA YA PILI

Asitokee mtu akasoma makala haya kisha akaacha chandarua chake. Chandarua chenye dawa, kupima damu mapema na kumeza dawa kwa ukamilifu ndiyo kinga na tiba ya kwanza, na akina mama wajawazito na watoto wadogo ndio wanaohitaji zaidi. Kuua viluwiluwi ni kinga ya pili inayoisaidia ile ya kwanza, hasa kwa wale mbu wanaouma kabla mtu hajaingia kitandani. Katika vyoo vya shimo iko njia nyingine: huko Makunduchi, Unguja, watafiti walimwaga punje ndogo za plastiki nyepesi katika vyoo vyenye maji, zikaelea na kuyafunika, na Kuleksi wakakosa mahali pa kuzalia. Kila zalio lina dawa yake, na nyingine ni koleo tu.

JIBU KWA MZEE

Sasa naweza kumjibu mzee yule. "Tumemlipia nani?" Walimlipia jirani aliyekuwa hajalipa, na mwaka uliofuata walipoacha kulipa, wote wawili wakawalipia mbu. Fedha yao haikuwa nyingi mno. Ilikuwa ya upande mmoja tu.

Nimepita tena katika vyama vile viwili. Makatibu wake hawajawahi kuketi meza moja kuzungumza habari za bonde, ingawa kutoka ofisi moja hadi nyingine ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Niliwaambia hivi, nami nawaambia ninyi wasomaji: msianze na dawa, wala msianze na fedha. Anzeni na barua moja ya katibu kwa katibu mwenzake, ya kuomba siku ya kutembelea bonde pamoja na kuhesabu madimbwi. Hesabu hiyo ikishapatikana, mtajua gharama. Mkijua gharama, mtajua mchango. Na mkutano utakaoombwa mchango huo utakuwa na kitu cha kupigia kura.

Masika hayangoji mkutano. Barua iandikwe mapema.